Sarafu Zilizooshwa kwa Siki

Simu ya Clayton Schaeffer ilinikuta navua viatu vya theluji. Alitaka nikazitazame senti za marehemu shangazi yake kabla hajaikabidhi nyumba kwa mnunuzi. Ilikuwa Februari, jua limeshaanguka nyuma ya ghala la Moyer, na mke wangu Arlene alikuwa jikoni anakaanga viazi.

"Kesho haipo?" akauliza.

"Ni mwanafunzi wangu wa zamani."

"Wanafunzi wako wote wa zamani wana senti za marehemu. Haya, nenda. Ukichelewa, nyama yako naila mimi."

Nikavaa tena viatu.

Ni Schaeffer, yenye E mbili na F mbili. Katika bonde letu wapo pia Schaefer, Shaffer na Shafer, na kila ukoo unaamini ule mwingine hauna adabu. Mwalimu wangu wa kwanza kule Muheza, Mwingereza, alikuwa akituchapa viganja tukikosea jina la mtu. Maisha yangu yote ya utu uzima nimeyaishi huku Pennsylvania, lakini jina la mtu bado naliandika kwa woga.

Nilifundisha hesabu hadi nilipostaafu. Tangu hapo, kila Jumamosi hukaa katika ukumbi wa zimamoto na kioo changu cha kukuzia, nikiwathaminia watu sarafu zao kuukuu. Huja na mitungi, soksi na makopo ya kahawa. Kila mmoja anaamini babu yake alimwachia utajiri. Huwatazamia mwaka, kisha ile herufi ndogo ya kiwanda chini ya mwaka, kisha kiasi gani cha sura kimebaki. Sarafu iliyopita mikononi mwa watu hulika kuanzia palipoinuka. Shavu huanza. Kisha taya, kisha nywele za juu ya sikio. Ndiyo maana nikiishika senti, jicho langu huenda shavuni kabla ya pengine popote.

Karibu zote ni za kawaida. Nami huwaambia wenyewe hivyo, kwa upole.

Shangazi yake Clayton aliitwa Mamie Schaeffer. Kwetu Muheza tungemwita mganga, basi. Hapa walisema "anajua kidogo", wakiteremsha sauti. Watu waliingia kwake kwa mlango wa nyuma. Hakuwa na bei, na ilikuwa mwiko kumwambia asante. Ulimwachia mkate wa tufaha au gudulia la matango ya siki, ukaenda zako.

Mimi niliingia kwa mlango ule mara moja tu, nimemfuata Arlene aliyembeba binti yetu, Lorraine.

Safari hii Clayton alinifungulia mlango wa mbele. Harufu ya siki ikanipiga machoni. Chini yake palikuwa na harufu nyingine, kama ya nywele zilizoungua.

"Mwalimu! Ingia upesi, baridi hiyo. Na usije ukaniambia ni za senti tatu tatu. Nitalia hapa hapa, mtu mzima na kitambi changu."

"Bado sijaziona."

"Ndiyo maana bado nina matumaini."

Alikuwa amezitandaza juu ya taulo, meza nzima. Nikasimama. Senti ya shaba iliyozeeka huwa ya kahawia, kama kahawa iliyosahaulika kikombeni. Hizi zilikuwa na rangi ya waridi. Rangi ya ngozi changa chini ya kigaga kilichobanduliwa.

"Umeziosha," nikasema.

"Siki na chumvi! Nimesugua tangu asubuhi, vidole hivi vinawaka. Zilikuwa na uchafu huo, Mwalimu, usiseme. Halafu zimefungwafungwa nyuzi kama soseji."

"Nyuzi gani?"

"Za sufu, nyekundu. Kila senti na uzi wake. Shangazi alikuwa na nafasi, Mungu amrehemu. Nimezikata zote, nimezitia jikoni." Akaonyesha jiko la kuni kwa kidevu. "Zinanuka, eh?"

Kila anayeniletea sarafu ameziosha kwanza. Hutaka zinipendeze. Kumbe ule weusi ndio unaotafutwa, na sarafu ikishasuguliwa hairudi tena. Nimelisema jambo hili mara nyingi hata huwa nalisema nikiwa nafikiria jambo jingine. Siku hiyo sikulisema. Nilikuwa nautazama mlango mdogo chini ya ngazi, mahali Bibi Mamie alipouweka mtungi wake wa senti.

Lorraine alikuwa na miaka mitano. Lilimtokea doa jekundu shavu la kushoto, likawa linatambaa mithili ya moto kwenye nyasi, na homa juu yake. Ugonjwa huo wenyeji wanauita moto wa mwitu. Dawa ya hospitali alikuwa anaitapika. Jioni Arlene akamfunga blanketi bila kuniuliza, tukaja hapa.

Bibi Mamie aliniomba senti. Nikatoa sarafu za mfukoni, nikaanza kuzichagua, kama kawaida yangu. Akanifumba kiganja.

"Usitazame," akasema. "Nipe ile usiyoweza kuikumbuka. Ukiikumbuka wewe, nao utaikumbuka njia."

"Nao nani?"

Lorraine ndiye aliyesema, kutoka mapajani kwa mama yake, sauti imekauka kwa homa.

"Baba, usitazame."

Nikafumba macho, nikatoa moja. Bibi Mamie akaisugua shavuni kwa mtoto, akinong'ona. Akaizungushia uzi, akaitupa mtungini. Nilisikia ikigonga nyingine.

"Nimeununua," akasema. "Si wenu tena. Usiku mkisikia mtoto anaita nje, na mtoto wenu yumo ndani kalala... msiitike."

Asubuhi shavu la Lorraine lilikuwa baridi. Mimi, na shule yangu, nikasema dawa imefanya kazi. Arlene akaoka mkate wa tufaha.

"Mwalimu? Umelala umesimama?" Clayton alikuwa ananisogezea kiti. "Haya, taja bei. Nipasue moyo."

Nikakaa, nikatoa kioo. Nilijiambia kwamba hii ni shaba tu. Nikachukua moja, masuke mawili ya ngano mgongoni, kichwa cha rais mbele. Shavu limelika. Nyingine, hivyo hivyo. Miaka ya vita, miaka ya baada ya vita, miaka ambayo viwanda vilimwaga senti kama mtama. Nyingine za juzijuzi, hazina hata masuke. Hakuna iliyonisimamisha. Zilikuwa vuguvugu, lakini jiko lilikuwa karibu.

"Senti tatu," nikasema. "Tatu tatu, zote. Ungeziacha chafu, labda nne."

Clayton akapiga meza kwa kicheko. "Nimefanya kazi ya hasara kutwa nzima! Shangazi angecheka. Alikuwa ananiambia, Clayton, hizi zisitajwe bei, atakayezitaja bei atakuwa ameziuza. Nikamwambia, Shangazi, kila kitu kina bei, hata wewe."

Mtu akakohoa.

Kikohozi kidogo. Cha kifuani.

"Una mafua?" nikamuuliza.

"Mimi? Si wewe uliyekohoa?"

Tukatazamana. Kuni zikapasuka jikoni, naye akacheka tena, kwa ufupi. Akaniambia kiganja kimoja cha senti alishakitumia, alinunulia kahawa dukani kwa Trexler asubuhi, na mama wa dukani alizipokea bila neno.

Nikazinunua zote zilizobaki. Nilimlipa hapo hapo, akanizolea ndani ya mfuko wa unga. Aliona nimemhurumia. Ukweli ni kwamba sikutaka kuziacha pale mezani, uchi namna ile.

Niliuweka mfuko kwenye kiti cha pembeni cha gari. Sikufika mbali, vioo vikaanza kuingia ukungu. Nikafungua upepo wa moto. Ukungu ukazidi. Nikagusa mfuko, ulikuwa umelowa.

Harufu ya siki ilikuwa imekwisha. Sasa kulikuwa na harufu ambayo kila mzazi anaijua. Pumzi ya mtoto mwenye homa, na maziwa yaliyoganda kwenye mto.

Senti ziligongana polepole, ilhali barabara ilikuwa laini.

Arlene alikuwa amesimama mlangoni na koti mwilini. Taa zote za nyumba zilikuwa zinawaka.

"Neal amepiga simu," akasema. Neal ni mume wa Lorraine. "Wamempeleka Lorraine hospitali, Reading. Imeanza kama utani, saa ya chai. Sasa hivi hamtambui hata mumewe."

"Ana nini?"

Alijigusa shavu la kushoto.

Kisha akauona mfuko. Akaufungua mdomo kwa vidole viwili, akazitazama zinavyong'aa.

"Hizi ni za Mamie."

"Ndiyo."

"Nyuzi zake ziko wapi?"

"Clayton amezichoma. Ameziosha, Arlene. Hakujua."

"Lakini wewe hukutaja bei." Alizaliwa bonde hili, na bibi yake mzaa mama alikuwa mmoja wa wale wanaojua kidogo. "Raphael. Niambie hukutaja bei."

Nikaufunga mdomo wa mfuko. Kuna ukimya ambao mke wa miaka mingi hausomi mara mbili.

"Nenda kwa Mamie," akasema. "Mimi nakwenda kwa mwanangu."

"Mamie amekufa."

"Wewe nenda."

Gari la Clayton halikuwapo. Mlango wa mbele ulifungwa kwa kufuli. Nikazunguka nyuma na mfuko kifuani, theluji inavunjika chini ya viatu. Mlango wa nyuma ulikuwa umerudishiwa tu. Nikausukuma.

Giza. Jiko limezimika.

Kitu kilikuwa kinazunguka. Ssss... ssss... Sauti ya uzi wa sufu ukipita kwenye kidole kikavu.

"Nani ameziosha?" Sauti ilinong'ona kutoka kwenye kiti cha pembeni mwa jiko.

Nikajibu kama mtoto wa shule. "Clayton Schaeffer, Bibi."

"Na nani amezithamini?"

"Mimi. Raphael Mhando."

Ssss... ssss...

"Bibi, nakuomba. Ni ipi ya Lorraine? Nionyeshe. Nitaifunga uzi mimi mwenyewe."

"Ulifumba macho siku ile?"

"Nilifumba."

"Vizuri. Basi hakuna anayeijua. Wala mimi."

Nikapiga magoti. Nikazimwaga sakafuni, nikaanza kuzipapasa, moja moja, gizani. Zote zilikuwa za moto. Kila moja na moto wake. Moja ilitetemeka kama mtu mwenye malaria. Moja ilinikoholea kiganjani. Mwanga wa theluji uliingia dirishani na kunionyesha vichwa vidogo, mamia, vyote vinatazama upande mmoja, vyote sura moja. Nimetumia miaka kuwafundisha watu kutofautisha senti na senti, na sikuweza kumtofautisha mwanangu.

"Nitazinunua upya," nikasema. "Nyumba yangu. Mimi mwenyewe. Niambie unataka nini."

Uzi ukasimama.

"Senti tatu," akasema. "Tatu tatu, zote."

Ilikuwa sauti yangu. Upole wangu ule ule, nilioutumia mezani pale jioni ile.

Nikainua macho.

Alikuwa amejisogeza kwenye mwanga. Kilemba cha bibi, koti la sufu, mikono miwili na uzi mwekundu katikati. Na sura... Shavu halikuwapo. Taya halikuwapo. Nywele za juu ya sikio zilikuwa zimelala, laini, zimeungana na kichwa. Palipokuwa na pua palikuwa na mwinuko kidogo tu, kama kidole gumba kimepita hapo miaka yote, kikipita na kupita. Nimeziona sarafu zilizolika kiasi hicho. Huwa sizipi hata daraja.

Simu ikalia mfukoni mwangu.

Nilipoishika, kiti kilikuwa kitupu. Kilikuwa kinabembea.

Ilikuwa Arlene. Nilisikia pumzi yake, na nyuma yake milio ya mashine za hospitali, kisha mlango ukafungwa na milio ikakoma.

"Raphael," akasema. "Usiendeshe haraka."

Alisema hivyo tu. Nikazizoa senti zote, nikapangusa sakafu kwa leso yangu, nikarudisha mlango. Niliendesha polepole hadi Reading, kama alivyoniambia. Hakukuwa tena na sababu ya kuharakisha.

Daktari alitueleza kuwa ni kidudu kilichoingia kwenye damu kupitia mkwaruzo mdogo. Alinitamkia jina lake herufi kwa herufi, nikaliandika bila kukosea, kisha sikujua nilifanyie nini. Lorraine Mhando Fenstermacher, mwalimu wa muziki. Kwenye jiwe la kaburi waliandika Lorain. Nikawarudisha wakalirekebisha.

Clayton alikuja mazishini na tai iliyombana. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Pole sana, Mwalimu. Sijui niseme nini." Na kwa sababu kweli hakujua aseme nini, akaongeza: "Zile senti... angalau zimekurudishia hela yako?"

Majira ya kuchipua hayakuwa mazuri bondeni kwetu. Harvey Bortz alikufa kwa kifua alichopona akiwa mtoto. Dorothy Kline, aliyekuwa akituchekesha kanisani kwa kuturingishia mahali palipokuwa na uvimbe wake, uvimbe ulimrudia pale pale. Walikuwa wazee, na wazee hufa. Hivyo ndivyo watu walivyosema, na huenda ni kweli.

Nilinunua sufu nyekundu, nikazifunga senti zote upya, moja moja, katika chumba changu cha kazi. Arlene hakuwahi kukiingia tena chumba kile. Hakunilaumu hata mara moja. Alijifunza tu kuweka sahani yangu mezani bila kunitazama mikono.

Lakini kila nilipomaliza kufunga, nilikumbuka kile kiganja cha kahawa.

Kwa hiyo nikawa mteja wa Trexler. Asubuhi kahawa, jioni gazeti, na kila mara nalipa kwa noti ili nipewe chenji. Watu waliona Mwalimu amechanganyikiwa kwa msiba, nao wakaniacha. Nikitoka nje husimama karibu na gari na kuinua kila senti hadi kwenye midomo yangu, jinsi unavyolipima paji la uso la mtoto usiku. Baridi. Baridi. Baridi. Kisha naziacha kwenye kopo la wahisani pale mlangoni.

Jumanne iliyopita moja ilikuwa ya moto.

Haikuwa vuguvugu la droo ya duka. Ilikuwa moto ule ule wa usiku wa blanketi. Niliijua kwa midomo, kama ningemjua yeye mwenyewe. Nikafunga kiganja kabla macho hayajafika. Nikafika nyumbani nimeshika usukani kwa mkono mmoja.

Arlene alikuwa anaosha vyombo. Nikapitia nyuma, hadi mlango wa chumba cha kazi, jua linazama. Nilikuwa natafuta uzi kwa mkono wa kushoto.

"Baba."

Ilitoka nje, upande wa rundo la kuni. Sauti imekauka kwa homa.

Jikoni, maji yakafungwa. Arlene alikuwa amesikia.

"Raphael," akaita, taratibu sana. "Raphael, usi..."

"Baba, usitazame."

Sikutazama. Niliyafumba macho yangu kama nilivyoambiwa siku ile, kiganja kinaniungua, na nilijua vizuri kabisa ninachofanya. Nilijua yule aliye nje si yeye. Ni kile kilichotolewa kwake, kikanunuliwa, kikafungwa uzi miaka yote hiyo. Lakini kina sauti yake. Hakuna kingine duniani chenye sauti yake.

"Naam, mwanangu," nikaitika.

Upepo uliingia na kupita. Kiganja kikapoa. Nilipokifungua palikuwa na senti ya kahawia, chafu, ya mwaka usio na lolote. Ya senti tatu.

Asubuhi yake, Arlene alinimiminia kahawa, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu Februari. Kisha akaliweka birika chini na kutoka uani bila koti.

Nikaenda kwenye kioo cha ukutani na kioo changu cha kukuzia mkononi. Nilitazama kwa utaratibu, kama ninavyowatazamia watu Jumamosi. Taya bado. Nywele za juu ya sikio bado.

Limeanza shavu. La kushoto.

Lina joto. Usiku huwa nalilalia mkono, na silionyeshi kwa daktari.